Kufaulu CLEP si kupata krediti

Juzi kijana mmoja alinipigia simu kutoka Texas. "Mwalimu, nimeshafaulu CLEP tatu. Sasa natafuta chuo." CLEP ni mitihani ambayo ukiifaulu chuo kinaweza kukupa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa kufikia shahada, bila kukaa darasani kwa kozi hiyo. Nilishindwa hata kumpa hongera. Miaka yote hii ninayowasaidia Waswahili wenzangu kupanga masomo yao huku Marekani, sentensi hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana nyuma yake kuna mtu aliyetoka zamu ya ghalani saa nane za usiku akafungua daftari badala ya kulala.

Wanaamini kwamba CLEP ni mtihani wa taifa, kama ule wa kidato cha nne nyumbani: ukishafaulu, cheti ni chako, popote utakapokwenda kitaheshimiwa. Hapana. College Board, shirika la mitihani la Marekani, inaendesha mitihani hii tangu 1967, leo iko 34, na vyuo zaidi ya 2,900 vinaikubali. Watu wakiiona hiyo 2,900 wanafunga ukurasa na kwenda kulipia. Lakini shirika la ACE (American Council on Education), linalotaja alama ya kufaulia na idadi ya krediti, linapendekeza tu. Anayeamua ni chuo. Mtihani wa Biology umependekezewa krediti 6. Chuo kimoja kitakupa zote 6, cha jirani kitakupa 3, na kingine kitakwambia kwamba kwa anayesomea sayansi hauhesabiki. Vyuo vingi vinavyochuja sana wanafunzi havitoi hata krediti moja.

Hata chuo kikikupa krediti, swali kubwa bado lipo: zinaingia wapi? Shahada ya kawaida ni krediti 120, nazo zina mafungu yake: kozi za lazima za fani, kozi za elimu ya jumla, na zile za hiari. Mama mmoja niliyemshauri, Mkongomani, mfanyakazi wa usafi hospitalini, alifaulu Humanities vizuri sana. Chuo kikaandika krediti zake kwenye rekodi. Zikaenda kwenye fungu la hiari, na programu yake ya uuguzi haikuwa na nafasi hata moja ya hiari. Miezi miwili ya kusoma, na hakupunguza kozi hata moja. Kama angeniuliza kabla, ningemwelekeza kwenye mtihani wa saikolojia, ambao mpango wake wa uuguzi uliutaja kwa jina.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema: mtihani ni hatua ya tatu. Ya kwanza ni kuchukua mpango wa shahada yako, ule wa fani yako na mwaka ulioingia, ukapiga alama kila kozi inayoweza kufidiwa kwa mtihani. Ya pili ni kumwandikia barua pepe msajili, yaani anayetunza rekodi za masomo za chuo. Namaanisha msajili, usitegemee rafiki aliyesoma chuo kingine, wala video ya YouTube, wala ofisi ya udahili ambayo kazi yake ni kukupokea tu. Muulize hivi: mtihani huu unahesabiwa kama kozi gani? Mnataka alama ngapi? Kikomo cha krediti za mitihani ni ngapi? Kama niliwahi kufeli kozi hiyo, mtaukubali? Krediti 30 za mwisho ni lazima nizisomee hapo hapo? Jibu likija, lihifadhi. Nimeona sera ikibadilika katikati ya masomo, na aliyekuwa na barua yake alisikilizwa.

Aliye chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) akikusudia kuhamia chuo kikuu awaandikie wasajili wa vyuo vyote viwili. Chuo kikuu hakilazimiki kufuata walichokupa wa kwanza. Mara nyingi kinataka matokeo moja kwa moja kutoka College Board, kisha kinayapima upya kwa sera yake. College Board huyatunza matokeo kwa miaka 20, kwa hiyo hayapotei. Yule kijana wa Texas bado ana matumaini, ila sasa atachagua chuo kwa kufuata mitihani, wakati ilipaswa iwe kinyume chake.

Dhana ya pili inahusu kalenda: "Anza na mtihani mwepesi upate moyo." Wengi wanashauri hivyo, mimi sikubaliani nao. Anza na ule unaofungua mlango wa kozi nyingine, na mara nyingi huo ni College Algebra. Sababu ni kanuni ya miezi 3: ukifeli, huruhusiwi kurudia mtihani uleule mpaka miezi 3 ipite, na ukijaribu kabla, matokeo yanafutwa na ada imekwenda. Sasa hesabu kurudi nyuma. Unataka kuanza takwimu mwezi wa nane? Fanya algebra mwezi wa nne, ili ukikwama urudie mwezi wa saba na muhula usikupite. Mtihani mwepesi wa kozi isiyofungua chochote unaweza kusubiri hata Desemba.

"Nimeshalipa, kwa hiyo nina tarehe." Huna. Kulipa College Board ni jambo moja, kupata nafasi kwenye kituo ni jingine. Kituo unakipigia mwenyewe, na vingi vinatoza ada yao. Usajili wako unadumu miezi 6. Piga simu kwanza, maana mwisho wa muhula vituo vingi vya vyuoni hujaa au husimamisha CLEP kupisha mitihani yao.

"Nifanye mitihani mitatu siku moja niokoe nauli." Mingi ni ya dakika 90 kila mmoja. Wa tatu utaufanya ukiwa umechoka, na ukiufeli utaungoja miezi 3. Nauli ni rahisi kuliko hiyo.

"Alama 50 ni nusu." Alama za CLEP zinaanzia 20 hadi 80, na 50 si asilimia. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii kitu, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja.

"Lazima uwe na pesa." Shirika la Modern States lina kozi za bure mtandaoni, na anayemaliza kozi hupewa vocha ya kulipia mtihani. Wanajeshi nao wana utaratibu wao wa kufadhiliwa. Uliza kabla ya kutoa kadi ya benki.

Hii nyingine ni ya hatari, hasa kwa wenye viza ya mwanafunzi, F-1: "Muhula huu nitafanya CLEP mbili, basi nipunguze kozi." Krediti za mtihani hazihesabiwi katika krediti 12 za kuwa mwanafunzi wa muda wote. Ukishuka chini ya 12 bila idhini, unahatarisha viza yenyewe. Anayepata Pell Grant, msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye uhitaji, naye ajue kwamba msaada unapimwa kwa kozi alizosajili, mitihani haimo. Nakuomba uliyeko huku kwa viza: zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kufuta kozi yoyote.

Waliomaliza kidato cha sita Tanzania au Uganda wananiuliza kama wafanye CLEP ya kemia. Ulizeni kwanza kama chuo kinatoa krediti kwa masomo ya A-level, maana vipo vinavyotoa. Mnaweza kuwa mnasomea mtihani wa kitu mlichonacho tayari.

Na wenzetu wa Kongo na Burundi, nanyi mnajiibia. Kiswahili hakina CLEP. Lugha zake ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Lakini wengi wenu mlisoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, na mnakaa darasani mkilipia Kihispania cha mwanzo! ACE inapendekeza krediti 6 kwa alama 50 ya Kifaransa, na 9 ukifika 59. Mtihani ni wa kusikiliza na kusoma tu. Hakuna kuandika insha, hakuna kuzungumza. Usiende bila kujiandaa kwa kuwa unakijua: sehemu za kusikiliza zinabeba asilimia 40, na sauti inapita upesi. Sikiliza habari za RFI, redio ya Ufaransa, kwa Kifaransa wiki tatu mfululizo, fanya mtihani wa majaribio, na ukiona umepata 55, sogeza tarehe mbele kidogo. Kati ya 50 na 59 kuna krediti 3, yaani kozi nzima ya muhula.