Hela ya ufadhili: umpe mzazi, uipeleke shule, au ununue daftari mwenyewe?

Kila mwaka korosho zikianza kuingia maghalani, Oktoba hivi, naanza kupata simu za aina moja. Mara kikundi cha WhatsApp cha watu wa kwetu walioko Dar, mara kamati ya msikiti, mara mtu mmoja tu na moyo wake, wamechanga hela ya kuwasaidia watoto kadhaa wa Newala au Nachingwea na swali ni lile lile, dada tuwatumie hela au tuwanunulie vitu? Mimi ni mhasibu, huu mwaka wa 11 nashika hesabu za mfuko mdogo wa ufadhili hapa Mtwara mjini, na hizo njia zote nimeshazipita, nyingine kwa kuumia. Sasa naandika mara moja, mtu akiniuliza namtumia linki tukaendelee na mengine.

Kwanza tuelewane hela yenyewe ni ya nini, manake bado kuna watu wanatuma "ada". Ada ya sekondari za serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa Januari 2016, na kidato cha tano na sita ikafuata kwenye bajeti ya 2022/23. Kinachomkwamisha mtoto wa shule ya serikali ni vitu. Sare, viatu, daftari, mkebe, pedi kwa wasichana, na akipangiwa bweni ndo inakuja ile fomu ya kujiunga, godoro, shuka, ndoo, tranka, jembe, fagio, rimu ya karatasi, ukiisoma unaweza kudhani mtoto anaolewa.

Tulipoanza tulikuwa watu wa kununua kwa jumla. Unakusanya hela yote, unamtuma mtu Kariakoo, mzigo unashuka na lori, mnagawa, mnapiga picha, kila mtu anafurahi. Kwenye makaratasi ni rahisi kweli, daftari kwa katoni haiwezi kulingana na ya duka la Kitangari. Sema na mimi niwaambie kilichonipata. Mwaka mmoja tulichukua kaunta buku kwaya mbili, bei nzuri hadi nikajisifu kwenye kikao, halafu mwezi wa tatu mwalimu mmoja ananiambia mbona daftari zenu zinaisha haraka. Nikachukua moja nikakaa chini nikahesabu. Kwaya moja ni kurasa 96, kwa hiyo kwaya mbili inatakiwa iwe 192, mimi nikapata 168. Nikahesabu nyingine, hivyo hivyo. Na karatasi yenyewe nyepesi, ukiandika kwa kalamu ya wino unasomea upande wa pili. Aliyetuuzia simtaji, kosa lilikuwa langu, nilinunua bei badala ya kununua kurasa. Siku hizi nachukua sampuli, nahesabu, nagawa bei kwa kurasa, ndo nalinganisha. Na rimu nayo nafungua moja, karatasi 500 ziwe 500.

Jambo jingine ni barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kutoka Dar kuja huku ikakatika kule Somanga, mzigo wetu ulikuwa njiani, ukakaa upande wa pili na sisi huku tunapiga simu tu. Bahati nzuri ulikuwa wa Julai. Ingekuwa Januari watoto wangeripoti mikono mitupu. Kama watoto wako wako Liwale, ile njia ya kutoka Nangurukuru wakati wa masika waulize madereva, mimi nimeshawahi kulala humo.

Basi tukasema tuwatumie wazazi hela kwenye simu, wao ndo wanawajua watoto wao. Na mimi mpaka leo naitetea hii njia kuliko wenzangu wengi. Kuna maneno ya ofisini yananikera sana, eti ukimpa hela mzazi wa kusini ataila kwenye ngoma ya unyago. Nimefuatilia familia nyingi kwa miguu yangu, hela ikichepuka mara nyingi imeenda kwenye unga, dawa, au deni la dukani, na mara nyingi mtoto bado kapata daftari zake, pungufu lakini kapata. Shida niliyoikuta ilikuwa kwenye laini yenyewe. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, bibi hana NIDA, kwa hiyo simu ya bibi ina laini ya mjomba, na mjomba yuko Masasi. Nilimfuata bibi mmoja huko Tandahimba, shkamoo bibi, marahaba mwanangu, vipi ile hela ya mjukuu iliingia? Akaniangalia akasema "mwanangu, hela gani?" Nilikuwa nimemtumia mihula miwili. Toka siku ile hatutumi mpaka jina linalotokea kwenye simu lifanane na jina la kwenye fomu, na kama halifanani tunampa mkononi mbele ya mtendaji wa kijiji, anasaini au anaweka dole gumba. Na makato ya kutolea tunaongeza juu, usimkate mtu kwenye hela ya daftari.

Kuponi za dukani tulijaribu msimu mmoja tu. Mnakubaliana na duka, mzazi anaenda na karatasi anachukua vitu, duka linaleta madai. Bei zilipanda wiki ile ile, halafu kuna mzazi kapewa sukari na sabuni badala ya madaftari, duka limeandika madaftari. Yeye alihitaji sukari, simlaumu, ila mimi ripoti yangu ikawa ya uongo bila kujua. Kama kijiji kina duka moja tu achana na kuponi.

Kulipa shuleni moja kwa moja ni safi kwa vile ambavyo shule ndo inavidai, mfano chakula cha hosteli, na ukilipa kwa kontrolo namba unabaki na ushahidi wako. Kwa daftari na sare hapana. Mwalimu mkuu ana watoto 40 hawana sare na wewe umemletea hela ya sita, ungekuwa wewe ungefanyaje? Atagawa. Ana roho nzuri tu, lakini mtoto wako atapata nusu sketi.

Sasa tunavyofanya siku hizi ni mchanganyiko. Daftari, mikebe na rimu tunanunua sisi kwa jumla, manake hapo wingi unashusha bei na daftari halina saizi. Sare hela inaenda kwa mzazi na anashona kwa fundi wa hapo hapo kijijini, fundi anampima mtoto, anaacha pindo la kushusha mwakani, na sketi ikichanika anajua pa kuirudisha. Za dukani nilikuwa naziona nadhifu mpaka nilipoona shati la mtoto wa darasa la nne limemfika magotini. Vya bweni, godoro na tranka, tunanunua kwenye mji ulio karibu na shule, mtoto akitoka Ruangwa kwenda kusoma Masasi kwa nini apande basi na godoro kichwani?

Lakini haya yote ni madogo kulinganisha na hili la tarehe, na hapa ndo naona wafadhili karibu wote wanakosea. Mnamaliza hela yote Januari. Januari huku ndo mwezi wenye nafuu, korosho zimeshauzwa mnadani, hata asiye na shamba kapata vibarua vya kuokota. Njoo mwezi wa saba uone. Shule zinafunguliwa baada ya likizo, kidato cha tano wanaripoti, daftari za Januari zimejaa, soli zimeachia, na hela hakuna kijijini, iliyokuwepo yote imeingia kwenye kupulizia mikorosho. Hapo ndo anapita mtu wa kangomba. Anampa bibi hela leo, atalipwa korosho msimu ukifika, kwa bei ya kutupa.

Piga hesabu hata ya kukisia. Bibi kachukua 20,000 Julai ya daftari na viatu, kaahidi kilo 20, yaani kilo kwa 1,000. Msimu wa 2024/25 minada ya mwanzo kilo ilipita 4,000. Zile kilo 20 kwenye chama cha ushirika, hata wakikata makato yao, zingekaribia 80,000. Kwa hiyo elfu ishirini ambayo mfuko haukuiacha Julai imemgharimu bibi pengine elfu sitini Oktoba, na Januari ijayo anarudi kwenu akiwa maskini zaidi ya alivyokuwa. Sisi sasa kama mtoto ana 150,000 kwa mwaka, 100,000 inatoka Desemba kabla shule hazijafunguliwa, 50,000 inalala benki mpaka mwishoni mwa Juni na haiguswi hata mtu alie. Wachangiaji walilalamika mwaka wa kwanza, eti mbona akaunti ina hela na watoto wana shida. Niliwaonyesha hiyo hesabu ya kilo 20 wakanyamaza, wengine ni watoto wa wakulima wanaijua kangomba kuliko mimi.

Ambacho mpaka leo kinanishinda ni viatu. Nikinunua kwa jumla namba zinakosewa, nikimpa mzazi hela anachukua vile vya bei ndogo vinavyofumuka kwenye mchanga kabla ya Pasaka, nikipeleka fundi viatu apime miguu watoto ni wengi na fundi ni mmoja. Mwaka jana tuliwaambia wazazi wachore unyayo wa mtoto kwenye karatasi watuletee, ikawa afadhali kidogo, sema kuna mmoja alichora unyayo ana soksi mbili. Kama kuna mtu huko Kilwa au Nanyumbu kalipatia hili aniandikie.