Uvimbe wa Pafu Unaofanana na Saratani

Mama wa miaka 50 anajiandaa kwa upasuaji wa mawe ya nyongo, anapigwa eksirei ya kifua kama kawaida. Hakohoi, hajakonda. Majibu yanarudi na mstari mmoja: "kivuli cha mviringo, pafu la kulia, chini." Jioni ile ile nyumba nzima imeshajua ni kansa.

"Kivuli cha mviringo ni saratani." Huenda ikawa, na ndiyo maana hakipuuzwi. Lakini TB iliyopona huacha kovu la namna hiyo hiyo. Hamatoma nayo, uvimbe wa gegedu na mafuta, hukaa pafuni kimya. Chokaa yake ikionekana kwenye picha imetawanyika kama bisi, daktari hupumua. Halafu kuna mgeni adimu aitwaye pneumositoma, uvimbe wa pafu ambao kwa kawaida si saratani. Huyu ndiye anayewachanganya hata wataalamu.

"Ni ya wavuta sigara." Pneumositoma haifuati sigara. Wengi wanaokutwa nayo ni wanawake wa umri wa kati, na taarifa nyingi zimetoka Asia ya Mashariki. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati tu, kama kwa mama yetu huyu. Wachache hukohoa, pengine na damu kidogo.

"Kipimo cha PET kiking'aa, basi tena." PET huonyesha mahali panapokula sukari kwa wingi. Saratani hula sukari, lakini TB inayofukuta nayo hula, na pneumositoma pia inaweza kung'aa.

"Kinyama kikishapimwa, hakuna ubishi." Hapa ndipo penye kazi. Uvimbe huu una sura nne ndani yake: vijidole vidogo vidogo, sehemu iliyoshikamana, kovu gumu, na vijishimo vilivyojaa damu. Sindano huchota uzi mwembamba wa nyama. Ikiangukia kwenye vijidole peke yake, chini ya hadubini utaapa ni adenokasinoma, saratani ya pafu inayojulikana sana. Tena zote mbili hupokea rangi ya TTF-1, ile inayotumika kutambua seli zilizotoka pafuni. Hata kipande kinachogandishwa na kusomwa haraka mgonjwa akiwa bado mezani kimewahi kupotosha. Kinachoitofautisha pneumositoma ni seli za aina mbili zinazoishi pamoja: zilizotandazwa juu, na za duara zilizojificha chini yake. Mwanapatholojia, daktari anayesoma kinyama kwa hadubini, lazima aone zote.

Na usiwacheke wanaokosea. Watafiti Liebow na Hubbell walipoueleza uvimbe huu huko Marekani mwaka 1956, waliuita hemanjioma, wakidhani umetokana na mishipa ya damu. Jina hilo lilidumu miaka mingi. Mwaka 2015 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipouhamishia rasmi kwenye ukoo wake halisi, uvimbe wa seli za vifuko vya hewa.

"Si saratani, basi tuachane nayo." Polepole. Iko michache iliyowahi kufika kwenye tezi za limfu, ingawa hata wagonjwa hao kwa kawaida wameendelea vizuri. Kwa hiyo madaktari wengi hupenda kuutoa, na ukishatoka wote, mara nyingi habari huishia hapo, bila dawa za saratani wala mionzi. Upasuaji huo ndio pia unaompa mwanapatholojia uvimbe mzima wa kusoma badala ya uzi.

"Picha za zamani ni takataka." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kivuli kigumu ambacho hakijakua kwa miaka miwili hubadilisha kabisa mazungumzo na daktari, lakini nani atajua hakijakua kama hakuna cha kulinganisha? Ile filamu ya eksirei ya 2019 iliyoviringishwa juu ya kabati, ipangusie vumbi, uende nayo kliniki.