Tajiri wa madini ya risasi hakuwa gizani

Ni rahisi kudhani kwamba tajiri wa Uingereza wa karne ya 18, akiwa London, hakujua lolote kuhusu migodi yake ya kaskazini, kwa kuwa hapakuwa na simu wala reli. Barua zilizobaki zinaonyesha vingine kabisa.

Mfano mzuri ni Sir Walter Blackett, aliyekuwa mbunge wa Newcastle tangu 1734 hadi alipofariki 1777, na aliyeendesha migodi ya madini ya risasi huko Allendale na Weardale, mabonde ya kaskazini mwa Uingereza. Mawakala wake walimwandikia mara kwa mara kuhusu bei, malipo, na mbale (mawe yenye madini) zilizobebwa na farasi wa mizigo hadi tanuri la Dukesfield, ambako madini ya fedha yalitenganishwa na risasi kwa moto mkali. Barua zilizotumwa zilinakiliwa kwa mkono katika daftari maalumu, na ni madaftari hayo, zaidi ya barua zenyewe, yanayotuwezesha leo kuifuatilia biashara hiyo kwa karibu.

Kuandika hakukuwa jambo la bure: kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa gharama ya posta, kulingana na umbali na idadi ya karatasi, ingawa wabunge walisamehewa. Humo humo ndani ya barua zilisafiri hati za malipo, zilizofanya kazi inayofanana na hawala tunayoifahamu, hivyo deni la Newcastle liliweza kulipwa London bila mtu kubeba sarafu njiani.