Nyanda za juu za Kenya hazikuwa tupu

Bado nasikia watu wazima wakisema eti wazungu walipofika Kenya ardhi ya nyanda za juu ilikuwa tupu, msitu na swala tu, wao wakaja wakalima. Jamani, haikuwa hivyo.

Angalia walifika lini. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilifyeka ng'ombe wa Wamaasai, ikaja ndui, ikaja ukame na njaa kubwa ya 1898 hivi, so kule Kiambu familia nyingi za Wakikuyu zilikuwa zimekufa au zimekimbilia kwa ndugu zao Murang'a. Mtu akipita anaona shamba limeota majani anasema halina mwenyewe, kumbe mwenyewe yuko kwa shemeji yake anangoja mvua. Na malisho ya mfugaji nayo ni hivyohivyo, nyasi bila ng'ombe leo haimaanishi hazina mtu, zimepumzishwa tu mifugo itarudi.

Na serikali yenyewe ya kikoloni ya Waingereza ilijua kuna watu, si ndo maana 1904 ikawasainisha Wamaasai mkataba wa kuhama Bonde la Ufa, wakaahidiwa Laikipia, huko kaskazini, itakuwa yao muda wote Wamaasai watakapokuwepo. Miaka 7 tu baadaye, 1911, wakaambiwa watoke na huko pia waende kusini. Walienda mahakamani, 1913 kesi ikatupwa. Halafu 1915 sheria ikaruhusu walowezi wa kizungu wakodishiwe ardhi kwa miaka 999.

Sasa nchi tupu unaisainia mkataba na nani?