Je, wajua kwa nini kikata kucha hushindwa na mshipi wa kusuka, ule wa kuvulia samaki?

Alfajiri moja bandarini Wesha, Pemba, tulikuwa tunajitayarisha kwenda kuvua upande wa Misali. Ami yangu alikaa ubavuni mwa mashua akihangaika na ncha ya mshipi mpya, ule wa kusuka, wa kijani, mwembamba kama uzi wa cherehani. Akaubana kwa kikata kucha. Ukakatika nusu. Akaubana tena, na ile nusu iliyobaki ikalala bapa, ikateleza, ikatoka nzima. Mwisho aliung'ata. Ncha ikatawanyika kama ndevu za beberu, na tundu ya ndoana ikaikataa mara tatu.

"Mwanangu, kikata kucha hiki kipya," akaniambia. "Jana tu kimekata nailoni nene, mara moja."

Alisema kweli. Nailoni ni uzi mmoja, mzima, kama mshumaa mwembamba. Midomo miwili ya kikata kucha inaukandamiza huku na huku mpaka unaachia. Mshipi wa kusuka ni nyuzi nne au nane zinazopishana kama miyaa kwenye ukili wa mkeka, na kila uzi ni fungu la vijinyuzi vingi mno. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70, na maikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Kijinyuzi kimoja cha mshipi huu hakifiki hata maikroni 30. Midomo ya kikata kucha ikikutana hubaki upenyo ambao jicho haliuoni. Nailoni haipenyi hapo, vijinyuzi hupenya.

Tena vinateleza. Mshipi huu umetengenezwa kwa polithini, ndugu wa ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006. Mfuko unaupasua kwa kidole, mshipi unamvuta jodari, na vyote asili yao moja! Mwishoni mwa miaka ya 1970 Paul Smith na Piet Lemstra, wataalamu wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, walipata njia ya kuichukua polithini yenye molekuli ndefu kupita kiasi, kuilainisha kwa kimiminika mpaka iwe kama uji mzito, kisha kuivuta iwe nyuzi. Ikivutwa hivyo, molekuli zake hujipanga upande mmoja kama makuti kwenye fungu, na nguvu inatoka kwenye mpango huo. Nyuzi hizo ziliitwa Dyneema. Za Marekani huitwa Spectra. Hutumika hata kwenye fulana za kuzuia risasi. Kwa hiyo unapokata mshipi wako unapambana na kitu kigumu na chenye utelezi kwa pamoja, na ukali wa chuma peke yake hautoshi. Lazima kiwepo kitu cha kuushika uzi usikimbie.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni mkasi mdogo wenye meno madogo kwenye makali, hata upande mmoja tu. Uchunguze juani kabla ya kununua: utaona mikwaruzo midogo iliyopangana kando ya ubapa. Kila jino linanasa vijinyuzi vichache na kuvizuia wakati upande wa pili unapita na kukata. Mkasi laini wa fundi cherehani husukuma mshipi mbele mpaka unatokea nchani. Na ukimuazima fundi mkasi wake ukaurudisha butu, huo ni ugomvi wa haki kabisa.

Kukata nako kuna namna. Vuta mshipi ukaze, uingize ndani kabisa karibu na msumari unaounganisha mkasi, kwani hapo ndipo mkono una nguvu zaidi, kisha funga mara moja bila kusita. Wembe nao hukata vizuri mshipi uliokazwa, ila sipendi kuuona kwenye mashua inayoyumba.

Wapo wanaotumia kiberiti cha gesi. Ni rahisi, na ncha hufanya kifundo kinachozuia isitawanyike. Tatizo ni kwamba polithini hii huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 150 za Selsiasi, wakati nailoni ya kawaida huvuka 200. Ikiyeyuka, ule mpangilio wa molekuli unavurugika, na sehemu hiyo inarudi kuwa plastiki ya mfuko. Moto ukipanda kidogo tu mpaka kwenye fundo, umeudhoofisha mshipi mahali unapoutegemea zaidi. Ukitaka kuchoma, choma mkia mrefu, mbali na fundo.

Meno ya mtu yaacheni. Mshipi huu unachana mdomo, na jino likimeguka halioti tena.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayevua mkondo wa Pemba, ambako kina ni kirefu na samaki wanakwenda mbio. Mshipi wa kusuka haunyumbuki kama nailoni. Ukikwama mwambani usiuzungushe mkononi ili uukate kwa kuvuta, utaingia kwenye nyama. Uzungushe kwenye kipande cha mti. Na kiwepo kisu chenye meno mahali ambapo mkono wowote unafika, kwa siku mshipi utakapomzinga mtu mguuni huku nguru anakwenda nao.

Mkasi wenyewe suuza kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi, ukaushe, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye msumari. Ipo mikasi ya kauri isiyoshika kutu, lakini ikianguka juu ya ubao inapasuka. Vipande ulivyokata tia kwenye chupa. Polithini ni nyepesi kuliko maji, haizami, na kasa anaikuta ikielea.

Ami sasa ana mkasi wake wa meno, ameufunga kwa kamba ya makumbi kwenye taruma la mashua. Mara ya mwisho nilimwona akikata, akapitisha ncha kwenye tundu ya ndoana gizani, bila tochi.