Lenzi za asferiki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Lenzi ya asferiki ni ile ambayo uso wake si kipande cha tufe. Maana yake inaishia hapo. Mengine ni maneno ya vijiweni, na kwenye vijiwe vya wapiga picha wa harusi Mtwara maneno hayo hayaishi.

Wapo wanaoamini kwamba kioo kikishachongwa kikawa tufe kamili, basi ndiyo ubora wenyewe. Kinachopenda tufe ni kiwanda: ukisugua kioo na kisagio kwa kuvizungusha, umbo hilo hutokea karibu lenyewe. Mwanga una mambo yake. Miale inayopita ukingoni hupindwa kupita kiasi, ikakutana karibu na lenzi kuliko miale ya katikati, na nukta iliyotakiwa kuwa kali inapata ukungu. Uso wa asferiki hubadilisha mpindo wake kidogo kidogo kutoka katikati kwenda ukingoni, ili miale yote ikutane sehemu moja.

Kwamba ni uvumbuzi wa juzi, hapana. Ibn Sahl, mwanahisabati, aliyaandika maumbo ya namna hiyo Baghdad mnamo mwaka 984, na Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, akayarudia mwaka 1637. Shida ilikuwa kuyachonga. Kampuni ya kamera ya Leica ilipotoa lenzi ya Noctilux 50mm f/1.2 mwaka 1966, nyuso zake za asferiki zilisuguliwa kwa mkono, na bei yake ikapaa. Leo simu uliyonayo mfukoni ina lenzi kadhaa za asferiki za plastiki, zilizomiminwa kwenye kalibu. Kwa hiyo anayesema plastiki ni feki akumbuke anapigia picha nini.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile ya "asferiki inanyoosha kila kitu". Ingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na lenzi pana, yaani inayochukua eneo kubwa kwa mara moja, upige nguzo na kuba. Nguzo za pembeni zinaweza kuharibika kwa namna mbili. Zikibinuka tumbo kuelekea nje, hilo ni kosa la lenzi, na asferiki husaidia sana hapo. Zikiinamiana juu kana kwamba zinataka kuangukiana, umeinua kamera ili kuba zote ziingie, na lenzi haina hatia. Iweke kamera sawa, isitazame juu wala chini, au kubali kunyoosha picha kwenye kompyuta. Halafu kuna shangazi aliyekaa mwisho wa mstari kwenye picha ya familia, anayetoka mnene kuliko alivyo. Lenzi pana inayotunza mistari iliyonyooka ndiyo inayomtanua, na haiwezi kuacha mistari ikiwa minyoofu bila kuvuta vilivyo pembeni. Mhamishie katikati, yaishe.

Rangi ya zambarau inayozunguka majani ya mkorosho yakipigwa dhidi ya anga jeupe nayo hulaumiwa kimakosa. Hiyo inatokana na kioo kupinda kila rangi kwa kiasi chake. Dawa yake ni aina ya kioo na namna vioo vinavyopangwa. Umbo la uso peke yake haliiondoi.

Kasoro nazo zipo. Kalibu au mashine ya kuchonga ikiacha michirizi midogo kwenye uso, taa za mapambo zilizofifia nyuma ya bibi harusi hutoka na pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa. Wengine hawazioni kabisa. Mimi nikishaziona siwezi kutazama kingine.

Faida utaiona usiku, apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga ndani ya lenzi, ikiwa wazi mpaka mwisho. Piga taa za wavuvi wa dagaa kutoka ufukwe wa Shangani, Mtwara, na uzitazame zile za kwenye kona za picha: lenzi ya kawaida yenye apacha kubwa huzivuta zikaota mikia, iliyosanifiwa vizuri kwa asferiki huziacha karibu na nukta. Mchana wa jua kali Msimbati, apacha ikiwa imebanwa hadi f/8, miale ya ukingoni imeshazibwa na apacha yenyewe, na lenzi kuukuu iliyo safi itakupa picha ambayo wateja wengi hawataitofautisha.