Si Kila Kinachogonga Mbele Ni Shoki

Gari likianza kugonga mbele, Nairobi haikosi watu wa kulihukumu. Jirani atasema shoki, mhudumu wa kuosha magari atasema shoki, na fundi mwenye haraka atasema shoki kabla hata jeki haijaingia chini. Mwenye gari ananunua shoki mbili, anafungiwa, anaondoka, na kwenye tuta la kwanza kelele ni ileile. Hasara ya pesa ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba kile kilicholegea kweli kimebaki pale pale, na kinaendelea kubeba watu.

Hizi hapa dhana ninazozisikia mara nyingi, na ukweli unaozipinga.

"Kinachogonga ni shoki"

Kazi ya shoki ni kutuliza springi. Ikichoka, dalili yake kubwa huwa mwendo kuliko sauti: gari linanesa mara kadhaa baada ya tuta, pua inazama sana ukikanyaga breki, na tairi linalika kwa mabonde madogo mabonde. Mafuta yakiwa yanatiririka kwenye mwili wa shoki, hapo hakuna ubishi, imekwisha. Lakini ile "tok-tok-tok" kavu unayoisikia ukipita polepole kwenye mawe ya mtaani, huku barabara ya lami laini haina shida yoyote, mara nyingi sana ni linki ya stabilaiza.

Linki ni kifimbo kifupi chenye kijointi kila mwisho, kinachounganisha chuma cha stabilaiza (kile kinachozuia gari lisilale sana kwenye kona) na shoki au mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu kwa chini). Kijointi kikilegea hata kidogo sana, kelele yake inapanda juu kupitia bodi kana kwamba kitu kikubwa kimevunjika. Na kuna kosa moja la upimaji linaloifanya isionekane. Ukipiga jeki upande mmoja tu, chuma cha stabilaiza kinajikunja na kuikaza linki, kwa hiyo ukiitikisa haichezi. Ipime magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa chini, au yote mawili yakiwa juu kwenye vigingi imara (stendi za kushikilia gari). Njia ya uhakika zaidi ni kuzifungua linki zote mbili, kuzifunga pembeni kwa waya zisiguse kitu, kisha kuzunguka polepole ndani ya mtaa. Kelele ikitoweka, umeipata. Usiende nayo barabara kuu hivyo, kwa sababu gari litalala zaidi kwenye kona.

Vitz, Fielder, Demio na magari mengine mengi madogo yaliyojaa mjini hutumia mpangilio unaoitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni miaka ya 1940. Humo shoki ni nguzo pia: gurudumu zima hugeuka pamoja nayo, na juu yake, chini ya boneti, kuna maunti ya mpira yenye beringi. Maunti hii ikifa, utasikia mlio wa kugonga au wa springi inayoruka unapozungusha usukani gari likiwa limesimama. Mwombe mtu azungushe usukani polepole huku wewe umegusa springi kwa vidole, bila kuvipenyeza kati ya mizunguko yake. Springi isipogeuka laini, ikajikaza halafu ikaruka, tatizo ni maunti. Shoki mpya iliyofungwa na maunti ya zamani haitakuponya.

"Kelele kubwa ndiyo hatari, ndogo si kitu"

Dhana hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Linki ya stabilaiza hupiga makelele na bado gari likakufikisha nyumbani. Boljointi ya mkono wa chini, yaani jointi inayouunganisha mkono huo na gurudumu, inaweza kulegea karibu kimya, ikagonga mara moja kidogo unapotoka kwenye maegesho, halafu siku moja ikachomoka. Ikichomoka, gurudumu linajikunja chini ya madigadi na usukani hauna tena la kufanya. Tairodi endi, jointi ya mwisho wa fimbo inayogeuza gurudumu, ikiachia, gurudumu moja linaelekea linakotaka lenyewe. Ukubwa wa sauti haukuambii lolote kuhusu ukubwa wa hatari.

Kwa hiyo hizi mbili ndizo za kukaguliwa kwanza, hata kama sauti unayoilalamikia inaonekana kutoka kwingine. Inua gurudumu, weka kigingi, kisha lishike juu na chini, mahali pa saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na aishikilie hapo. Mchezo ukiisha, mshukiwa ni beringi ya gurudumu, kwa kuwa breki imefunga diski na kitovu pamoja. Mchezo ukibaki, tazama boljointi. Usiridhike na mkono peke yake. Ingiza mtarimbo chini ya mkono wa chini, uusukume juu na chini, na uangalie kama kichwa cha boljointi kinacheza ndani ya nyumba yake.

Sasa lishike pembeni, saa 9 na saa 3. Likicheza hapo huku saa 12 na 6 pametulia, tatizo liko kwenye tairodi endi au raki endi, jointi inayoishika fimbo hiyo kwenye raki, yaani gia ya usukani. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi kwa sehemu za usukani ni kile cha gari likiwa chini, uzito wote ukiwa kwenye matairi. Injini ikiwa inanguruma, gari likiwa kwenye Park au nyutro na hendibreki imevutwa, mtu mmoja anatikisa usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, mwingine anaweka kiganja juu ya kila jointi kwa zamu. Jointi iliyochoka unaihisi ikigonga mkononi kabla hata jicho halijaiona. Weka mkono mbali na mkanda na feni, maana feni ya umeme huwaka yenyewe bila taarifa.

Boljointi au tairodi ikicheza waziwazi, gari lisiendeshwe hadi gereji ya mbali. Fundi aje, au lije gari la kulivuta.

"Nasikia kulia, basi ni kulia"

Chuma hubeba sauti. Mlio wa kugonga wa kushoto unaweza kusafiri kupitia fremu inayoshikilia mikono ya chini na ukasikika miguuni mwa dereva aliyekaa kulia. Sikio la mtu aliye ndani ya gari linafaa kwa kuanzia tu. Mkono unaogusa kifaa chenyewe ndio wenye ushahidi.

Beringi ina njia yake ya kujieleza. Ikichoka hutoa muungurumo unaopanda na mwendo, na ukiachia mafuta bado upo. Kwenye kona ndefu uzito wa gari huhamia upande wa nje. Muungurumo ukizidi unapokata kulia, anza na beringi ya kushoto. Ukizidi unapokata kushoto, anza na ya kulia. Kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto na kuzunguka raundabauti kwa mkono wa kulia, raundabauti pana ni kipimo cha upande wa kushoto. Ila matairi yaliyolika kwa mabonde huiga sauti ya beringi vizuri sana. Hamisha ya mbele yaende nyuma. Muungurumo ukihamia nyuma, umeokoa bei ya beringi. Vilevile sauti ya tairi hubadilika lami inapobadilika, kwa mfano ukitoka lami mbaya ya mtaa ukaingia Nairobi Expressway; ya beringi hubaki karibu ileile.

"Tak-tak-tak ukikata kona yote ni boljointi"

Mara nyingi ni sivi jointi ya nje, ile jointi ya ekseli inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Tafuta uwanja mtupu, kunja usukani hadi mwisho, zunguka polepole ukiongeza mafuta kidogo. Mlio unaofuatana na mzunguko wa gurudumu ni wa sivi. Chungulia buti yake ya mpira: ikipasuka, grisi inarushwa ndani ya rimu na vumbi linaingia badala yake. Ukiiona imepasuka kabla ya mlio kuanza, kusafisha jointi, grisi mpya na buti mpya vinatosha. Mlio ukishaanza, grisi haiwezi kurudisha chuma kilicholika.

"Fanya alaimenti na balansi, kelele itaisha"

Haitaisha. Alaimenti hupanga pembe za magurudumu, na balansi hutuliza mtetemo wa usukani unaokuja ukishika kasi barabara kuu. Hakuna kati ya hizo inayokaza jointi iliyolegea. Tena alaimenti iliyofanywa juu ya tairodi inayocheza ni kazi bure, kwa sababu vipimo vinabadilika ukishatoka tu mlangoni. Na usukani ukitetemeka unapofunga breki pekee, geukia diski.

"Paka oili chafu kwenye bushi, itanyamaza"

Itanyamaza kwa muda. Oili na dizeli huvimbisha na kulainisha mpira wa kawaida, na bushi (mpira unaokaa kati ya vyuma vinavyounganishwa) iliyokuwa imekauka tu inageuka kuwa bushi iliyooza. Ukitaka kujua ni ipi inayolia "kwii", chukua chupa ya maji, mwagia bushi moja, mtu aliyumbishe gari kwa kulikandamiza mbele, kisha nenda kwenye nyingine. Ile inayonyamaza ikilowa ndiyo yenyewe. Hii pia ndiyo sababu mlio hupotea wakati wa mvua za Machi hadi Mei na watu wakaamini gari limejiponya. Kwa bushi za stabilaiza, grisi ya silikoni haidhuru mpira.

"Usukani ukilia, raki imekufa"

Kwenye pawa steringi ya mafuta, mlio wa pampu mara nyingi ni mafuta kupungua au hewa kuingia. Angalia chupa yake na utafute panapovuja. Ukishikilia usukani umekunjwa hadi mwisho, pampu italalamika hata ikiwa nzima, na kuishikilia hivyo kunaipasha moto. Vitz, Fit na Note nyingi za miaka ya karibuni zina usukani wa umeme usio na mafuta kabisa. Fundi akikwambia aongeze mafuta ya steringi kwenye gari la namna hiyo, muulize kwa heshima atayaweka wapi.

"Spea iliyotumika kutoka Japani ni bora kuliko mpya"

Kwa kifaa cha chuma kitupu, huenda. Kwa mpira na shoki, hapana. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi huagiza yanayokaribia ukomo huo, kwa hiyo hata bushi za gari lako "jipya" zilikuwa na umri kabla hazijakanyaga Mombasa. Mkono wa chini uliotolewa kwenye gari kuukuu huja na mpira wa umri uleule.

Kuna jambo lingine linaloua bushi mpya, na halihusu ubora wake. Boliti za mkono wa chini zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unajipinda gari linaposhuka na unabaki umepindwa kila siku hadi unapasuka. Zifungwe kwa wepesi gari likiwa juu, lishushwe, litikiswe likae katika kimo chake, ndipo zikazwe kabisa. Mwambie fundi kabla hajaanza: "Fundi, naomba hizo boliti tuzikaze gari likiwa chini." Na kabla hata ya hapo, mpakie mzunguke naye kwenye barabara ileile inayotoa kelele, ukanyage breki kidogo kidogo juu ya mashimo. Kelele ikikatika kila unapogusa breki, ni padi ya breki au kalipa (kifaa kinachoibana padi kwenye diski) inayocheza, na mkono wa chini hauhitaji kufunguliwa.